Mkanda Si Dini

Katika mambo madogo ambayo watu wazima wameyageuza kuwa dini, sioni dogo kuliko mkanda wa mpira wa gramafoni. Kaa saa moja tu na wapenzi wa santuri, wawe wa Dar es Salaam, Nairobi au London, na mazungumzo yatafika huko. Utaambiwa, kwa sauti ya mtu anayefundisha watoto, kwamba gramafoni ya mkanda ndiyo ya kusikilizia muziki, na kwamba ile ambayo mota yake huzungusha santuri moja kwa moja ni chombo cha disko, cha vijana wa kukwaruza santuri na kupiga kelele. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kwamba kila mtu anajua. Ukiuliza mara ya pili, utatazamwa kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

Mimi napinga kauli hiyo. Siipingi kwa kuuchukia mkanda, maana zipo gramafoni za mkanda ambazo ni kazi ya mikono ya mafundi wa kweli, na nitazitaja. Naipinga kwanza kwa sababu si kweli. Naipinga pili kwa sababu uongo huu, ambao kwa matajiri wa nchi za mbali ni njia tu ya kupunguza fedha mfukoni, kwetu sisi unagharimu kitu ambacho hakinunuliki tena, yaani sauti za wanamuziki wetu waliokwisha kutangulia mbele ya haki.

Tuanze na kazi yenyewe. Upande mmoja wa santuri una mfereji mmoja tu, unaojizungusha kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Sindano hupita ndani ya mfereji huo na kutikiswa na kuta zake, na mtikisiko huo ndio sauti. Santuri kubwa, iliyoletwa sokoni Marekani mwaka 1948, huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Ile ndogo ya nyimbo mbili, iliyofuata mwaka 1949, huzunguka mara 45. Mashine inayozungusha inadaiwa mambo matatu. Izungushe kwa mwendo ule ule ambao mfereji ulichongwa. Isiyumbe, yaani isiongeze wala kupunguza mwendo njiani. Na isiunguze muziki kwa mngurumo wake yenyewe. La nne halipo. Uzuri wa mbao, uzito wa chuma na jina la kiwanda si sehemu ya deni.

Deni hilo limelipwa kwa njia tatu tangu umeme ulipochukua nafasi ya gramafoni za kutia ufunguo.

Njia ya kwanza ni ya gurudumu la mpira. Mota huzunguka kwa kasi kubwa, zaidi ya mara elfu moja kwa dakika, na gurudumu dogo la mpira hubanwa kati ya mota na sinia, yaani lile duara la chuma linalobeba santuri. Garrard 301, iliyotengenezwa Swindon, Uingereza, kuanzia miaka ya 1950, ni ya ukoo huu, na watangazaji wa BBC waliitegemea kwa miaka mingi. Sifa yake ni nguvu. Ukiwasha, sinia linaondoka, na hata sindano ikipita penye sauti nzito, ambapo mfereji huikamata na kuirudisha santuri nyuma kidogo, mashine haitikisiki. Ila yake ni kwamba gurudumu linaloshika mota upande mmoja na sinia upande wa pili hubeba mtetemo wa mota na kuupeleka kwenye sindano. Mota inayozunguka zaidi ya mara ishirini kwa sekunde hutoa mngurumo ambao spika nzuri huutoa nje kama lori lililosimama mtaa wa pili.

Njia ya pili ni mkanda. Mota huwekwa pembeni na kamba laini ya mpira hulizungusha sinia. Mpira ukiwa mlaini humeza sehemu kubwa ya mtetemo kabla haujafika. Mwaka 1961 Mmarekani Edgar Villchur, kupitia kampuni yake ya Acoustic Research, alitoa gramafoni ya mkanda ambayo sinia na mkono wa sindano vilikaa pamoja juu ya springi, mbali na mota na mbali na mitikisiko ya sakafu. Lilikuwa wazo zuri, na bei yake haikuwa ya kifalme. Mwaka 1973 huko Glasgow, Uskochi, kampuni ya Linn ikatoa Sondek LP12 iliyofuata njia hiyo hiyo, na gramafoni hiyo ingali inatengenezwa hadi leo.

Njia ya tatu ni kuondoa kila kitu kilicho kati ya mota na santuri. Mwaka 1970 kampuni ya Matsushita ya Japani, kwa jina la Technics, ilianza kuuza SP-10. Ndani yake mota yenyewe huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, na sinia limekaa juu ya mhimili wa mota hiyo. Hakuna gurudumu, mkanda wala kapi. Mwaka 1972 ikaja SL-1200, na mwaka 1979 toleo lake la pili lenye fuwele ya kwatsi, ile ile inayoweka muda katika saa za mkononi. Fuwele hupiga mapigo yasiyobadilika, na mota huyafuata. Ikichelewa kidogo inasukumwa, ikiwahi kidogo inazuiwa.

Sasa tuyasikie mashtaka. Wanaosimamia mkanda husema mambo mawili dhidi ya mota ya moja kwa moja. La kwanza, kwamba mota huzunguka kwa kurukaruka kutoka sumaku hadi sumaku, na kila ruko husikika. La pili, kwamba mashine inayojisahihisha kila wakati ni mashine inayokosea kila wakati.

Mashtaka haya hayakutoka hewani, na aliyeyasema mwanzoni huenda alikuwa mbele ya mashine mbovu. Katika miaka ya 1970 Japani ilimwaga sokoni gramafoni nyingi za aina hii, na zile za bei ya chini zilikuwa na masanduku ya plastiki yanayolia kama debe, mikono ya sindano iliyolegea, na mota za kubahatisha. Lakini sote tunajua kwamba ugali ulioungua haututoshi kuulaumu mtama. Kwa SL-1200 ya mwaka 1979 kiwanda kilitoa kipimo cha kuyumba cha asilimia 0.025. Kila mpenzi wa mkanda na autafute waraka wa mashine yake, aone kama ina kipimo kama hicho, na kama hakuna kipimo kilichoandikwa, ajiulize kwa nini.

Kuhusu mtetemo, hesabu inamkana mshtaki. Mota ya moja kwa moja huzunguka mara moja katika karibu sekunde mbili. Mota ya LP12 yenye umeme wa Uingereza huzunguka mara 250 kwa dakika, yaani zaidi ya mara nne kwa sekunde, na ile ya gurudumu ndiyo ya kasi kuliko zote. Mtetemo wa mzunguko mmoja katika sekunde mbili uko chini sana ya kile ambacho sikio la binadamu linaweza kusikia. Mkanda uliletwa ili utibu ugonjwa wa mota yenye kasi. Mota isiyo na kasi haina ugonjwa huo wa kutibiwa.

Na kuhusu kujisahihisha, namwomba mshtaki aende mbali zaidi ya sebule yake, hadi mahali santuri inapozaliwa. Kabla ya santuri kuchapwa, mfereji wa kwanza huchongwa kwa mashine kwenye sahani laini. Mashine zilizoheshimiwa kuliko zote kwa kazi hiyo zilikuwa za Neumann wa Berlin. Mashine yao iitwayo VMS 80 ilizungushwa na mota ya moja kwa moja, na Technics hao hao walitengeneza mota maalumu, SP-02, kwa ajili ya mashine za kuchongea. Kwa hiyo yupo mtu ambaye leo anasikiliza kwa mkanda, akiidharau mota ya moja kwa moja, huku mfereji anaousifia ulichongwa kwa mota hiyo hiyo. Ni sawa na mtu anayemsifu mtoto na kumtukana mama yake mzazi.

Basi dharau hii ilitoka wapi? Nadhani ilianza na neno la kweli. Linn na wenzao walishikilia kwamba gramafoni ni muhimu kuliko watu walivyodhani, kwa sababu kilichopotea kwenye sindano hakiwezi kurudishwa na spika, hata iwe kubwa kama kabati. Hilo ni kweli, na tunawashukuru. Lakini kutoka “gramafoni ni muhimu” wafuasi waliruka hadi “gramafoni ya mkanda ndiyo peke yake”, na katikati ya maneno hayo mawili kuna shimo ambalo hakuna aliyejenga daraja juu yake. Wauza maduka walilirudia, waandishi wa magazeti ya mitambo wakalirudia, na wanunuzi waliokwisha kutoa fedha wakalitetea, kama kila aliyetoa fedha anavyotetea alichonunua.

Lingine ni heshima ya watu. Katika miaka ya 1970 vijana wa Bronx, New York, walioanzisha muziki wa hip hop, walihitaji gramafoni inayoondoka mara moja na isiyolegea mkono wa mtu ukigusa santuri. Mkanda uliteleza na kunyooka. Mota ya moja kwa moja ilisimama imara. Waliichagua kwa sababu ileile ambayo fundi huchagulia nyundo, yaani kazi. Kumbi za disko za dunia nzima zikafuata. Na hapo ndipo mashine ilipoharibiwa jina. Chombo kikishatumiwa na vijana wa mtaani hupoteza heshima sebuleni, hata kama vijana hao ndio waliokijaribu kwa ukali kuliko mtu mwingine yeyote. Gramafoni iliyostahimili usiku kucha katika ukumbi wenye moshi, jasho na ngoma za kutikisa ukuta, ikaambiwa haifai kumpigia mzee mmoja aliyekaa kwenye kochi.

Tazama kilichofuata, msomaji, uone kama hii ni elimu au ni mtindo wa nguo. Garrard za gurudumu zilizoambiwa miaka ya 1970 kwamba zimepitwa na wakati, leo zinatafutwa kwa bei ya kutisha, na wanaozinunua husema zina uhai ambao mkanda hauna. SL-1200 iliacha kutengenezwa mwaka 2010, ikarudi mwaka 2016 ikiwa na mota mpya na bei ya dola 4,000, na ghafla baadhi ya wale walioiita mashine ya disko wakaanza kuisifia. VPI ya Marekani, iliyojijengea jina kwa mkanda, mwaka 2018 ilitoa HW-40, gramafoni ya mota ya moja kwa moja, iwe kilele cha kazi yao. Sheria za maumbile hazikubadilika kati ya 1979 na 2018. Kilichobadilika ni bei na wanunuzi.

Utaniambia, “Lakini mimi nimesikia kwa masikio yangu.” Siwezi kukataa masikio ya mtu. Nakataa jaribio lake. Anayelinganisha gramafoni mbili kwa kawaida analinganisha pia mikono miwili ya sindano, sindano mbili, masanduku mawili na meza mbili, kisha analipa zawadi yote kwa mkanda. Mwenye kutaka kweli afanye hivi: achukue sindano ile ile, mkono wa aina ile ile, meza ile ile na santuri ile ile, alinganishe ukubwa wa sauti, kisha mtu mwingine aendeshe mashine nyuma ya pazia bila kusema ni ipi. Wengi wanaohubiri hawajawahi kufanya hivyo. Wanaofanya hugundua kwamba mkono na sindano vina sauti kubwa kuliko mota, na kwamba gramafoni mbili zilizotengenezwa vizuri, za koo tofauti, hufanana kuliko mbili za ukoo mmoja ambazo moja ni nzuri na nyingine ni takataka.

Na kuna adui ambaye haulizi una mkanda au huna, naye ni shimo la katikati ya santuri. Chukua santuri ndogo ambayo shimo lake limekosea nusu milimita. Kwenye mfereji ulio sentimita 5 kutoka katikati, mwendo wa sauti utapanda na kushuka kwa asilimia 1, mara tatu katika kila sekunde nne. Hiyo ni mara arubaini ya ile asilimia 0.025 niliyoitaja. Mtu ametumia mshahara wa mwaka kununua mkanda uliofumwa kwa hariri, kisha anaiweka juu yake santuri inayoyumba kama mlevi, naye anasifu utulivu. Nakamichi wa Japani waliliona hilo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitengeneza gramafoni iliyopima kosa la shimo na kulisogeza sinia ili kulirekebisha. Kwa sisi wengine, kidole na subira hutosha kuisogeza santuri hadi mkono wa sindano uache kucheza kushoto na kulia.

Hadi hapa ningeweza kuambiwa kwamba ni ugomvi wa wenye nafasi. Kila mtu anunue apendacho, kwani inamdhuru nani? Hapo ndipo nilipotaka kufika, kwa sababu huku kwetu kuna anayedhurika.

Muziki wetu wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970 ulibaki kwa njia mbili kuu: kanda za redio, na santuri ndogo zilizochapwa Nairobi. Bendi za Tanzania zilisafirisha nyimbo zao huko. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa mwezi wa Januari 1979, anasikika leo kwa sababu kulikuwa na watu waliotunza santuri zake chini ya vitanda na juu ya makabati. Nyuma yake zaidi kuna Siti binti Saad, aliyesafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za mara 78. Santuri hizo zinaisha. Zinavunjika, zinapindwa na joto, zinaliwa na vumbi. Kwa hiyo vijana wetu wenye nia njema wanazihamishia kwenye kompyuta na simu kabla hazijapotea, na kile kinachohamishwa kwa siku moja ndicho ambacho wajukuu watakijua milele. Gramafoni inayotumika siku hiyo inaandika historia.

Sasa weka mkanda katika mazingira hayo. Mpira na joto la pwani si marafiki. Mkanda hunyooka, au hukauka na kupasuka, na mkanda halisi wa mashine ya miaka 40 iliyopita haupatikani dukani Kariakoo. Fundi mwerevu hukata mwingine kutoka kwenye mpira anaoupata, na santuri inazunguka tena, na sote tunampongeza. Lakini mwendo wa gramafoni ya mkanda unategemea hata unene wa mkanda. Kwenye kapi la mota lenye upana wa sentimita 2, mkanda uliozidi nusu milimita kwa unene huongeza mwendo kwa zaidi ya asilimia 2. Hiyo ni theluthi nzima ya safari kutoka kitufe kimoja cha piano hadi kinachofuata. Mwimbaji ameshapandishwa sauti, gitaa limeshakuwa la mtu mwingine, na hakuna aliyegundua kwa sababu wimbo bado unachezeka.

Liko kubwa kuliko hilo. Mota nyingi za gramafoni za mkanda hufuata mapigo ya umeme wa ukutani. Umeme wa Tanzania na Kenya hupiga mara 50 kwa sekunde, wa Marekani mara 60. Ndugu anayerudi kutoka Marekani na gramafoni ya namna hiyo huilisha kwa transfoma ili isiungue, naye hudhani amemaliza. Transfoma hupunguza nguvu ya umeme lakini haibadilishi mapigo yake. Asipobadilisha kapi la mota, santuri ya mara 33 na theluthi itazunguka chini ya mara 28. Wimbo wa dakika 3 utachukua dakika 3 na sekunde 36, na sauti itashuka zaidi ya vitufe vitatu vya piano. Kosa kubwa namna hiyo mtu atalishtukia. Lakini iendeshe gramafoni hiyo kwa jenereta dogo umeme unapokatika, jenereta ambalo mapigo yake hupanda na kushuka kila friji ya jirani inapowaka, na utapata kosa dogo linalotembea, ambalo ni baya zaidi kwa kuwa halijulikani lilipoanzia. Mashine yenye fuwele ya kwatsi haijali mambo hayo. Saa yake iko ndani yake.

Niliwahi kuletewa kwenye simu wimbo wa zamani wa dansi ambao naujua tangu utotoni. Uliyekuwa mshauri wangu wa muziki, mpiga gitaa mstaafu, aliusikiliza kidogo, akachukua gitaa lake na kutafuta noti ya kuanzia. Akaizungusha misumari, akaikaza na kuilegeza, mwisho akaniambia, “Huyu hakuwa anapiga mahali hapa. Hapa hapana mahali.” Alikuwa na maana kwamba sauti ilikuwa kati ya noti na noti, mahali ambapo hakuna gitaa lililolinganishwa linaloweza kukaa. Aliyeuhamisha wimbo ule alikuwa na nia njema na mashine ya mkanda iliyochoka. Na sasa toleo lile ndilo linalosambaa, kwa sababu ndilo safi, halina mikwaruzo.

Hiyo ndiyo gharama ya dini ya mkanda. Kijana anayetaka kuokoa santuri za babu yake huuliza anunue gramafoni gani, na waumini humwambia aiepuke mashine ya disko. Fedha zake hazimtoshi kununua LP12, basi hununua mkanda wa bei ya chini, wa sanduku la plastiki na mota ya kuchezea watoto, akiamini kwamba amefuata njia ya wajuzi. Angeweza kupata gramafoni kuukuu ya mota ya moja kwa moja iliyotoka kwenye ukumbi uliofungwa, ikiwa na alama zinazomulikwa na taa pembeni mwa sinia ili kuonyesha mwendo sahihi, na ingemfanyia kazi ya haki.

Haki inanitaka niseme pia ila ya upande ninaoutetea. Mota ya moja kwa moja ina elektroniki ndani yake, na baadhi ya vipande vyake vya zamani havitengenezwi tena. Ikifa, fundi wa mtaani hawezi kuifufua kwa mkasi na mpira. Mkanda mpya wa kiwanda, kwenye mashine nzuri iliyotengenezwa kwa umeme wetu na kukaguliwa kila mara, hulipa deni lake lote. Mwenye nayo asiitupe. Simwambii mtu ahame ukoo. Ninachomwambia ni aache kuuliza mashine ni ya ukoo gani, aulize inafanya nini.

Na jibu la swali hilo halihitaji mjuzi wala gazeti la mitambo. Bandika kipande kidogo cha karatasi nyeupe ukingoni mwa sinia. Weka santuri, teremsha sindano, maana mashine isiyobeba sindano haijaanza kazi. Shika saa. Kwa santuri kubwa, karatasi ipite mbele yako mara 100 kamili katika dakika 3. Kwa santuri ndogo, mara 135. Ikipita mara 97, nyimbo zako zote ziko chini kwa nusu ya kitufe cha piano. Kisha tafuta wimbo wenye sauti moja ndefu iliyoshikiliwa, ya kinanda au ya fidla, usikilize kama imesimama au inatetemeka kama kibatari kwenye upepo. Halafu zima muziki moyoni mwako na usikilize mfereji mtupu kabla ya wimbo kuanza, kama kuna lori mtaa wa pili.

Mashine ikifaulu majaribio hayo matatu, ni nzuri, iwe ya gurudumu, ya mkanda au ya disko. Ikishindwa, haitaokolewa na jina la kiwanda, na mwenyewe asiiruhusu iguse santuri ya marehemu yeyote akiwa na kinasa sauti kimewashwa. Waliopiga zile nyimbo walikaza nyuzi zao hadi zikakubaliana, wakaimba mahali fulani, si juu yake wala chini yake. Hawapo tena kutusahihisha.